Tarikhi ya Kuitambua Floridi katika Maji ya Mlima Meru

Mlima Meru, ambao kilele chake kimeinuka kadiri ya mita 4,566 juu ya bahari, na ambao kwa wakazi wa Arusha ndio chanzo cha mvua, cha mito, cha udongo mweusi wa migomba na mibuni, na cha ubaridi ule unaowafanya wageni watokao pwani kutafuta mablanketi ifikapo Juni, umewajalia watu wake neema nyingi, hata si ajabu kwamba ulipita muda mrefu kabla ya kubainika kuwa ndani ya neema hizo hizo imo adha moja isiyoonekana kwa jicho, isiyonusika wala kuonjeka, nayo huingia mwilini kwa njia iliyo halali kupita zote, yaani kwa kunywa maji.

Adha hiyo ni floridi, na athari yake ya kwanza hudhihiri penye meno. Mtazame kijana aliyezaliwa na kulelewa kwenye mteremko wa mlima huo, Maji ya Chai au Ngarenanyuki, akicheka bila ya kujizuia. Ikiwa athari ni nyepesi, meno yake yana mistari myembamba ya weupe wa chokaa iliyokwenda mkingamo. Ikiwa ni ya wastani, weupe huo umeenea ukaufunika uso wote wa jino, na ule mng'ao wa jino zima umetoweka. Na ikiwa ni nzito, weupe umepokewa na rangi ya kahawia iliyokolea, uso wa jino una vishimo vidogo vidogo, na kingo zake zimemeguka kabla ya umri wa kumeguka. Rangi ya kahawia haikuwamo wakati jino lilipochomoza, bali ilikuja baadaye, kwa sababu gamba la jino lililoumbika kwa udhaifu hufyonza rangi za vyakula na vinywaji. Lakini udhaifu wenyewe ulikuwamo tangu jino likiwa bado limefichika ndani ya fizi. Meno ya kudumu huumbwa humo tangu utoto mchanga hata kufikia kadiri ya miaka minane, na likishakwisha kuumbwa jino halirudi nyuma kurekebishwa. Kwa hiyo jino la mzee wa miaka sitini hutoa ushahidi wa maji aliyoyanywa alipokuwa hajajua hata kuchunga mbuzi.

Huu ndio msingi wa tarikhi ninayotaka kuieleza. Kwa miaka mingi kipimo cha pekee cha floridi katika nchi ya Meru kilikuwa ni mwili wa mtoto, na kila hatua ambayo elimu imepiga tangu hapo imekuwa ni juhudi ya kuuondolea mwili wa mtoto kazi hiyo na kuipeleka kwenye chupa, kwenye rangi, kwenye umeme, na hatimaye kwenye nuru.

Wenyeji wenyewe hawakuwa wajinga wa jambo lililokuwa mbele ya macho yao. Meno ya kahawia yalijulikana kuwa ni alama ya watu wa pande hizi, na hata leo mtu wa Arusha akifika mji wa mbali akafungua kinywa, huenda akatajiwa kwao kabla hajapata kujitambulisha. Wako wanaoichukua alama hiyo kwa wepesi, lakini wako pia vijana, na zaidi wasichana, wanaofunika mdomo kwa kiganja wanapocheka, kwa kuwa wasiojua hudhani kwamba rangi ile ni uchafu wa mtu asiyepiga mswaki. Dhana hiyo ni dhuluma. Mswaki hauwezi kuliondoa doa ambalo asili yake ni umbo la jino lenyewe, na mama aliyemkemea mwanawe kwa uvivu wa kusafisha kinywa alimkemea kwa jambo ambalo mtoto hakulitenda.

Asili ya floridi hii ni moto wa ardhini. Meru ni volkano, na mara ya mwisho iliamka mwaka 1910. Kiasi cha miaka elfu nane iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukaacha lile bonde kubwa lenye umbo la kwato ya farasi linaloonekana mpaka leo, na katika vilima vya kifusi kilichomwagika ndimo yalimokaa maziwa ya Momella. Mawe ya Meru, kama yalivyo mawe mengine mengi ya Bonde la Ufa, yana magadi mengi na kalisi haba, na hapo ndipo penye siri. Mahali ambapo maji yana kalisi ya kutosha, floridi hushikamana nayo ikawa jiwe, ikatua chini. Mahali ambapo kalisi ni haba, floridi haina wa kuishika, hubaki ikielea ndani ya maji yaliyo safi kwa macho na matamu kwa ulimi. Tena haigawanyiki kwa usawa. Chemchemi mbili zilizo jirani zaweza kutofautiana kwa mbali, kwa sababu moja imetoka kwenye mvua iliyopita juu juu ya udongo, na nyingine imekaa ardhini muda mrefu ikilamba majivu ya kale. Wazee waliochagua mahali pa kujenga kwa kutazama uwazi na ladha ya maji walichagua kwa busara yote waliyokuwa nayo, ila alama waliyoihitaji haikuwamo katika uwazi wala katika ladha.

Ulimwengu mwingine nao ulichelewa kujua. Mwaka 1901 tabibu wa meno aliyeitwa Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta watu waliozaliwa hapo wana meno ya kahawia, naye akatumia takriban miaka thelathini ya umri wake kuitafuta sababu. Na katika mwaka huo huo wa 1901 Mmarekani mwingine, J. M. Eager, aliandika habari za meno kama hayo aliyoyaona kwa wahamiaji waliotoka Naples, nchi nyingine iliyokaa chini ya volkano. McKay aliushuku mfereji wa maji kabla ya kukijua kilichomo ndani yake. Katika mji mdogo wa Oakley, Idaho, wazazi waliacha maji ya zamani mwaka 1925 wakavuta mapya kutoka chemchemi nyingine, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wakaota meno meupe, ilhali hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kutaja jina la kitu walichokikimbia. Jina lilipatikana mwaka 1931. Mkemia H. V. Churchill, aliyeajiriwa na kampuni ya kuyeyusha aluminiamu na kushughulishwa na uvumi kwamba masufuria ya madini hayo yana madhara, aliyachunguza maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, kwa kuichambua nuru yake, akakuta floridi miligramu 13.7 katika kila lita.

Huku kwetu habari ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1953 M. M. Williamson alichapisha katika jarida la matabibu wa Afrika Mashariki taarifa ya awali juu ya ugonjwa huu wa meno nchini Kenya. Na mwaka 1964 P. Grech, bingwa wa picha za eksirei, pamoja na Michael Latham, tabibu wa mambo ya lishe aliyezaliwa Kilosa mwaka 1928, walitoa uchunguzi wao juu ya floridi katika Jimbo la Kaskazini la Tanganyika. Uchunguzi huo una uzito wa pekee kwa sababu haukukoma penye meno. Picha za eksirei zilionyesha mifupa iliyojaa na kukazana kupita kawaida, na ikawa dhahiri kwamba jambo lililokuwa likihesabiwa kuwa ni aibu ya sura tu lilikuwa na ndugu yake mzito zaidi: migongo isiyoinama, shingo zisizogeuka, magoti yenye maumivu, na kwa watoto wengine matege yanayowafanya waende kwa taabu. Ugonjwa wa mifupa huja pole pole, baada ya miaka mingi ya kunywa, nao humkuta mtu katika umri ambao jembe lake lingali linahitajika.

Miongoni mwa mahali palipoumia zaidi ni Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ile ile ambayo jina lake lilifika Umoja wa Mataifa mwaka 1952, Kirilo Japhet alipokwenda kuwatetea Wameru walioondolewa kwa nguvu katika ardhi yao mwaka mmoja kabla. Wameru waliirudia ardhi ile baadaye, na haki ikawa imepatikana. Lakini mto unaopita katika ardhi hiyo una floridi inayopita miligramu 20 kwa lita, na juu ya mto hakuna baraza la kushitakia.

Sasa niseme jinsi kipimo chenyewe kilivyofanywa, maana katika kazi hii ya mikono ndimo mlimo na ladha ya tarikhi nzima. Njia iliyotumika kwa muda mrefu ilikuwa ya rangi. Mkemia huchanganya madini ya zirkoni na rangi iitwayo alizarini, navyo vikikutana hutoa wekundu. Floridi ikitiwa humo, hata kwa uchache, huvutwa na zirkoni kwa nguvu kuliko zirkoni inavyovutwa na rangi. Humpokonya mwenziwe, na rangi iliyoachwa peke yake hugeuka kutoka wekundu kuelekea manjano. Mpimaji hupanga safu ya mirija ya kioo, kila mmoja umetiwa kiasi cha floridi anachokijua, kisha huweka kando yake mrija wa maji ya kisima, husubiri kadiri ya saa moja, hutazama kutoka juu penye mwanga mzuri, na kuamua maji haya yanafanana na mrija upi. Ni kazi ya jicho na ya subira, na aliyeizoea huitenda kwa usahihi wa kustaajabisha.

Ila njia ya jicho ilikuwa na upungufu wake, na upungufu huo ulidhihiri zaidi mahali ambapo msaada wake ulihitajika mno. Maji ya Chai, kijiji kilichopo kando ya barabara iendayo Moshi, kimepewa jina na mto wake, ambao rangi yake ni ya hudhurungi kwa sababu ya majani na mimea iliyooza msituni huko juu. Maji yenye rangi yake mwenyewe humdanganya mpimaji wa rangi. Anachokiona katika mrija ni cha floridi kwa sehemu, na ni cha msitu kwa sehemu. Mtu akitafuta mfano wa kwa nini elimu haitoshi kuagizwa kutoka mbali ikatumiwa kama ilivyokuja, mto huu unatosha kuwa mfano.

Mwaka 1966 Martin Frant na James Ross, Wamarekani, walitangaza chombo cha namna nyingine: kijiti chenye ncha ya fuwele ya floridi ya lanthani, ambacho kikitumbukizwa majini huruhusu floridi peke yake kuathiri umeme wake, na mshale au tarakimu humwambia mpimaji kiasi kilichomo kwa muda wa dakika chache. Chombo hiki hakijali kama maji ni meupe au ni ya chai. Kwa msaada wa vipimo vya namna hii, nchi ya Meru ilianza kuandikwa kwa tarakimu badala ya hadithi, na mwaka 1984 Nanyaro na wenzake walichapisha maelezo ya kina juu ya asili ya floridi katika maji ya kaskazini mwa Tanzania, pamoja na hesabu ambazo mpaka leo humshitua msomaji: mito ya mteremko wa Meru, miligramu 12 hadi 76 kwa lita, chemchemi, 15 hadi 63, maziwa ya Momella, hadi 690. Shirika la Afya Duniani katika mwaka huo huo lilitoa mwongozo wa miligramu 1.5.

Hapo ndipo penye kadhia iliyo nzito kwa moyo. Mwaka 1974 Tanzania ilikuwa imekwisha kuweka viwango vya muda vya maji ya vijijini, na katika viwango hivyo floridi iliruhusiwa mpaka miligramu 8 kwa lita. Waliokiweka kiwango hicho hawakukosa huruma wala maarifa. Walijua kwamba kukataza maji yote yaliyozidi mwongozo kungekuwa ni kuwaambia watu wa tarafa nzima wasinywe, ilhali hapakuwa na maji mengine ya kuwapa. Lakini kiwango cha muda kilidumu kwa zaidi ya miaka thelathini, baadaye kikashushwa hadi 4, na ni mwaka 2018 tu kiwango cha taifa kilipofikishwa 1.5. Ni rai yangu kwamba mtoto aliyezaliwa katika nchi ya Meru mwaka 1975 alistahili, japo maji yasingebadilika, kuambiwa ukweli kwamba kiasi kilichoruhusiwa hakikuwa kiasi cha salama.

Huko Ngurdoto, karibu na Usa River, serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floridi katika maji, na mwezi wa Oktoba 1995 mahali hapo palikutanika mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya ugonjwa wa floridi na njia za kuiondoa. Njia moja iliyojaribiwa hapo ilitoka India, katika mji wa Nalgonda, nayo ni ya kutumia shabu na chokaa: maji hukorogwa ndani ya ndoo, vumbi hilo hujikusanya na floridi likatua chini, na maji ya juu humiminwa katika ndoo ya pili. Mtaalamu Eli Dahi, Felix Mtalo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao waliitengenezea utaratibu wa ndoo mbili unaofaa kwa nyumba ya kijijini. Ilifaa kwa kiasi, lakini ilitaka mkono wa kila siku na kipimo sahihi cha dawa, na nyumba yenye shughuli nyingi huchoka.

Njia ya pili ni ya mifupa, nayo nitaisimulia kwa kirefu kidogo. Mifupa ya ng'ombe hukusanywa machinjioni, husafishwa, hupangwa katika tanuri, na kuchomwa kwa hewa iliyobanwa, si kwa moto ulioachiwa. Tanuri ndilo linalotaka ujuzi. Moto ukiwa haba, mafuta na nyama hubaki ndani ya mfupa, na maji yatakayopita humo yatakuwa na harufu ambayo hakuna mtoto atakayeivumilia; moto ukizidi, mfupa hugeuka mweupe kabisa, nao umekwisha kupoteza nguvu zake za kushika; ukiwa wa kadiri, mfupa hutoka mweusi au wa kijivu kilichokolea, mwepesi mkononi, wenye kuvunjika kwa sauti kavu. Hapo hutwangwa, hupepetwa kwa chekecheke mpaka chenga zilingane, vumbi huoshwa, na chenga hizo hujazwa katika ndoo yenye bomba chini. Maji hutiwa juu na kuchuruzika pole pole. Baada ya miezi kadhaa, kwa kadiri ya ukali wa maji na idadi ya wanywaji, chenga hushiba, na bila ya kupima hakuna namna ya kujua siku ziliposhiba, kwa kuwa maji yanayotoka ni meupe yale yale.

Hikima ya jambo hili yanifurahisha kila niifikiriapo. Mfupa na jino vimeumbwa kwa kitu kimoja, madini ya kalisi na fosfeti, na ni madini hayo hayo ambayo floridi huyapenda na kuyaingia. Mfupa wa ng'ombe uliotiwa ndani ya ndoo hupokea floridi kwa sababu ile ile ambayo mfupa wa mtoto ungeipokea, na tofauti ni kwamba umetangulia. Wako waliokuwa na shaka juu ya mifupa hiyo kwa upande wa dini, wakiuliza ni mnyama gani na alichinjwa na nani, na swali lao lilistahili kujibiwa kwa adabu. Mahali ambapo mifupa ilichukuliwa kwenye machinjio inayojulikana na watu wakaonyeshwa, mazungumzo yalikuwa mepesi zaidi.

Maji, hata hivyo, si mlango wa pekee. Yeyote aliyezunguka soko la Tengeru, karibu na Arusha, siku ya gulio ameona vichungu vya magadi, mabonge ya kijivu na ya weupe uliochafuka, yakiuzwa kwa kopo. Magadi hulainisha maharage na mahindi, huokoa kuni, na bila ya hayo makande ya jioni yangekuwa ni kazi ya mchana kutwa. Lakini magadi ya pande hizi hutoka katika ardhi ile ile na huweza kuwa na floridi nyingi, na mwaka 1992 Mabelya na wenzake walionyesha kwamba matumizi ya magadi yanafungamana na meno ya kahawia hata mahali ambapo maji yenyewe yana floridi kidogo. Tabibu aliyeyapima maji ya kijiji akayakuta salama, kisha akashangaa kuona meno ya watoto wa hapo, alikuwa hajafika jikoni.

Na chungu hicho hicho cha makande kina jambo la pili, lililo kinyume cha la kwanza. Mahindi na maharage yana fiteti, kitu kinachoshika zinki na kuizuia isifyonzwe tumboni. Ikawa mtoto mmoja, kwa chakula kimoja, huenda akapokea floridi kupita kiasi na zinki pungufu ya kiasi. Zinki katika mwili wa mtu mzima ni gramu mbili au tatu tu, nayo ina kazi katika ukuaji, katika kupona kwa vidonda na katika kinga ya maradhi. Ni tangu uchunguzi wa Ananda Prasad huko Shiraz, Iran, uliotangazwa mwaka 1961, ndipo wanadamu walipotambua kwamba kuikosa kunaweza kumdumaza kijana. Pemba nayo imetoa mchango wake katika elimu hii, kwa majaribio makubwa ya kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na zinki, ambayo matokeo yake ya zinki yalichapishwa mwaka 2007: vifo vilipungua kidogo tu kati ya waliopewa, si kwa kadiri ya kuthibitika kihesabu.

Lakini zinki haiandiki jinoni. Haina rangi, wala haina doa la kumfichua mwenye upungufu, na ndani ya seli hai ilikuwa kama haipo kwa jicho la mtafiti. Kuionyesha ndiko kulikozaa ufundi wa vigunduzi vya nuru, na mantiki yake si ngeni kwa aliyekwisha kuifahamu alizarini na zirkoni. Wataalamu huunda molekuli yenye pande mbili, upande mmoja wenye uwezo wa kung'aa na upande wa pili wenye mkono wa kushika. Maadamu mkono u mtupu, elektroni zake huuzima mng'ao, na zinki ikikaa mkononi, elektroni hizo hushughulika nayo, mng'ao ukaachiliwa, na seli iliyomulikwa kwa mwanga usioonekana ikatoa nuru mahali hasa palipo na zinki. Molekuli ya namna hiyo iliyoitwa TSQ ilitumika mwaka 1987 kuonyesha zinki katika vipande vya ubongo. Mwaka 1993 Zalewski na wenzake wa Adelaide, Australia, walileta Zinquin, iliyobuniwa kupenya ngozi ya seli iliyo hai, kisha ikakatwa na vimeng'enya vya ndani isiweze kutoka tena. Kwa vigunduzi vya jinsi hii imeonekana jinsi chembe za kongosho zinavyoihifadhi zinki pamoja na insulini, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walishuhudia yai la panya, linapopokea mbegu ya dume, likitupa nje zinki kwa mafungu, kila fungu likimeta.

Nuru hiyo imeifikia na floridi pia, ila kwa mwendo uliogeuzwa. Mwaka 2019 watafiti wa Uswisi walitangaza kitu walichokiita SION-105, ambacho chenyewe hung'aa kinapomulikwa, na kikitiwa matone ya maji yenye floridi iliyozidi hufifia. Zinki huwasha, floridi huzima. Nasema haya kwa matumaini ya kweli, kwa kuwa kipimo cha matone machache, kisichohitaji maabara wala jicho la mtu aliyezoea mirija, ndicho ambacho kina mama wa Ngarenanyuki na wenye ndoo za chenga za mifupa walikihitaji tangu zamani. Na sioni sababu ya kipimo cha jinsi hiyo kuzaliwa Uswisi tu kisizaliwe Tengeru.

Maana Tengeru sasa ina nyumba ya elimu hiyo. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilizinduliwa hapo mwaka 2012, na mwalimu wake mmoja, Askwar Hilonga, alipata mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya uvumbuzi wa uhandisi kwa Afrika, iliyotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la mchanga na chembe ndogo mno, ambalo hutengenezwa kulingana na uchafu uliomo katika maji ya mahali husika. Jiji la Arusha nalo limepata mradi wa maji wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliokusudiwa kuongeza maji na pia kuyapata mahali ambapo floridi ni kidogo. Hiyo ndiyo dawa ya Oakley, kuacha chanzo kibaya na kuvuta chema, na kwa mji mkubwa sidhani kama ipo dawa iliyo bora. Vijiji vya mteremkoni, ambako bomba kubwa halijafika na huenda lisifike upesi, bado vinategemea ndoo, mifupa na tahadhari.

Kwa hiyo, wewe uliye na nia ya kuchimba kisima katika nchi ya Meru, au uliyehamia Usa River na kukuta chemchemi nzuri nyuma ya nyumba, usiyahukumu maji kwa uwazi wake, wala usidhani kwamba kuyachemsha kutakusaidia, kwa kuwa moto huondoa vijidudu lakini floridi huibakiza na kuizidisha ukali kadiri maji yanavyopungua. Chukua chupa safi ya plastiki, si ya kioo, ijaze, andika juu yake mahali na tarehe, uipeleke kwenye maabara ya ubora wa maji, na usubiri jibu kabla ya mtoto aliye chini ya miaka minane kuyafanya maji hayo kuwa kinywaji chake cha kila siku.